Usihamishe pointi kabla ya kuona kiti

Habari ya jioni ndugu. Umesema una pointi za kadi ya mkopo, unataka daraja la biashara Nairobi hadi London, lakini tovuti inakuambia hakuna nafasi ilhali wanaolipa pesa taslimu wanauziwa.

Hilo si hitilafu. Viti vya pointi hutengwa vichache, hata ndege ikiwa nusu tupu. Kwanza angalia kadi yako inahamishia pointi mpango gani wa pointi wa shirika la ndege, kisha tafuta kiti huko na kwa washirika wake. Kenya Airways imo SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na KLM na Air France, kwa hiyo jaribu kupitia Amsterdam au Paris, tarehe hii na ile, mtu mmojammoja badala ya wawili.

Usihamishe hata pointi moja kabla ya kuona kiti. Mimi nilihamisha zote kwa pupa, zikachukua siku kadhaa kufika, kiti kikawa kimeenda. Kuzirudisha benki? Haiwezekani.

Kodi bado utalipa kwa pesa. Uingereza humtoza zaidi abiria wa daraja la biashara anayeondoka kwao, hivyo mimi hurudi daraja la kawaida.

Halafu, kama unatokea Kisumu, usikate tiketi ya ndege ya kando, isiyounganishwa na ile ya London, ya kufika Nairobi saa za mwishomwisho. Ikichelewa, ndege ya ng'ambo haikungoji wala haikuombi radhi. Mimi hupanda basi la usiku wa kuamkia siku ya safari, nalala kupita Nakuru yote.