Shangazi anauliza habari za mgonjwa, nimjibu nini?

Mdogo wangu, umeleta mawili: shangazi anayekubana umwambie jirani yenu wa Mikindani amelazwa kwa ugonjwa gani, na picha za vidonda vya wagonjwa ambazo wewe na wanafunzi wenzako wa wodini mnarushiana kwenye grupu la WhatsApp "kwa kujifunza".

La shangazi jepesi. "Shangazi, saa za kuona wagonjwa zipo, nenda kamjulie hali mwenyewe." Hata kwamba umemwona wodini usikiri. Atanuna, kisha atatulia.

Picha ndizo zinazonitisha. Kufuta jina hakutoshi hapa Mtwara. Andika tu "bibi mwenye chale usoni, muuza samaki wa Feri, kidonda mguu wa kulia", nusu ya soko imeshamjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuwa mwanafunzi hakukupi msamaha. Kumjadili mgonjwa na mwalimu kwenye raundi, mnapopita kuona wagonjwa wodini, ni halali, ila si kwenye daladala (na huko ndiko mnakopaza sauti!). Ukihitaji picha, muulize daktari msimamizi kwanza, kisha mgonjwa, kwa lugha anayoielewa. Akikataa, asiulizwe tena, na aendelee kuhudumiwa vilevile. Zilizomo kwenye simu yako zifute leo.