Re: Dokumentari ya Kurt Cobain, mtu asiyejua rock ataielewa?
Mkuu umeuliza kama Montage of Heck, ile dokumentari ya 2015 kuhusu Kurt Cobain, inamfaa mtu asiyejua nyimbo za Nirvana, bendi ya rock aliyokuwa anaimbia, inafaa kabisa, mi mwenyewe nilikuwa najua wimbo mmoja tu. Niliiangalia usiku hapa Mtwara, Chikongola, kwenye laptop ya shemeji, masaa mawili na zaidi. Muongozaji Brett Morgen alipewa video za nyumbani, madaftari na kanda alizojirekodi Kurt mwenyewe, kwa hiyo unamuona toka mtoto mdogo wa Aberdeen, Marekani, anachekea kamera, akifika miaka 9 wazazi wanaachana, anaanza kuzungushwa kwa ndugu.

Ila kuna sehemu kampakata binti yake ananyolewa nywele, mtoto katulia, baba ndo macho yanafumba kichwa kinaanguka, unga ulishamkamata. Niliistopisha nikatoka barazani, maana kaka yangu alikuwa anasinzia hivyohivyo mbele ya sahani ya wali na sisi tunasema kachoka na kazi.

Kifo chenyewe, Aprili 1994 akiwa na miaka 27, hawaonyeshi, ni maandishi tu. Huyo binti Frances alikuwa mmoja wa watayarishaji. Mdogo wako umesema yuko form two, usimwachie peke yake, kaa naye mpaka mwisho.