Ilorin Naisamehe, Mapenzi Siyasamehe

Mmeuliza wiki hii: mwandishi akianza na riwaya nzito ya fantasia, msomaji amsamehe nini na asimsamehe nini? Nitajibu kwa kitabu kimoja, Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kilitoka 2018, ni riwaya yake ya kwanza, kurasa zapita 500, na ni mwanzo wa vitabu vitatu. Nimekisoma kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni, nikikigombania na mpwa wangu, maana yeye ndiye aliyekileta nyumbani.

Kichekesho kwanza. Katika nchi ya Orïsha wenye uchawi huitwa maji. Ndiyo, maji. Mfalme Saran aliwaangamiza miaka 11 kabla ya hadithi kuanza. Mpwa wangu alipofika hapo akanitazama: "Shangazi, mfalme aliyaua maji ama aliwaua maji?" Mpaka leo sijamjibu. Halafu kuna Ilorin, mji wa kweli wa Nigeria ulio bara kabisa, ambao humu umekuwa kijiji cha wavuvi kinachoelea baharini. Ni kama mtu aichukue Voi aitie majini. Yote hayo nimesamehe. Anayejenga dunia nzima kwa mara ya kwanza ana ruhusa ya kuokota majina anakoyapata, na zile dua za Kiyoruba zinazoamsha uchawi zina uzito ambao lugha ya kubuni isingekuwa nao.

Utamu wenyewe uko sokoni. Waliozaliwa na asili ya uchawi hutozwa kodi inayopanda kila mara, na asiyelipa hupelekwa kazi ya kulazimishwa. Babake Zélie, binti anayeongoza hadithi hii, nusura azame akitafuta samaki wa kulipia, basi binti anabeba sulisuli mmoja hadi Lagos akawauzie matajiri. Hapo feri ilitia nanga watu wakashuka, mimi bado nimeegemea nguzo, nataka kujua atauza kwa ngapi. Anataja bei, anakaza moyo asishushe, na huku moyoni anajua akirudi mikono mitupu kuna nini. Aliyewahi kupatana bei ya samaki anamjua binti huyo. Dhuluma ya mfalme unaielewa kwa samaki kabla hujaielewa kwa upanga. Utenzi wa Fumo Liyongo una kitu kama hicho: ule mkate wa wishwa aliopelekewa gerezani, tupa imefichwa ndani, na walinzi wakaupuuza kwa kuwa ni wishwa. Sulisuli wa Zélie ni ndugu wa mkate ule. Adeyemi anaeleza mwishoni mwa kitabu kwamba aliandika huku akisikia habari za polisi wa Marekani kuwapiga risasi watu weusi wasio na silaha, na kwangu mimi uchungu huo umekaa kwenye kodi na samaki kuliko kwenye vita vyote vinavyofuata.

Maana kisha zinaanza mbio. Gombo, jambia la mfupa, jiwe la jua: Zélie na wenzake wavikusanye kabla ya siku maalumu, la sivyo uchawi upotee daima. Kimoja kikipatikana unafunguka mlango wa kingine, kama mchezo wa kompyuta. Koo kumi za maji zinatajwa, nyingi zinabaki majina tu.

Na Inan, mwana wa mfalme, anamwinda Zélie. Askari wake wamekiteketeza kijiji cha binti. Inan na Zélie wanakutana ndotoni mara kadhaa, mara wamependana. Pembeni mwa ukurasa mpwa wangu ameandika kwa penseli: "Mara hii?" Hilo silisamehe. Chuki iliyopikwa kwa moto wa pole haiepuliwi hivyo.

Wala sisamehe sauti. Zélie, Inan na Amari binti mfalme wanapokezana kusimulia, kila mmoja "mimi", kila mmoja kwa wakati uliopo, pumzi zilezile. Mara ngapi nimerudi juu ya sura kutazama ni nani anayesema! Na Tzain, kakake Zélie, mwenye akili kuliko wote msafarani, hapewi hata sura moja.

Cha pili, kilichotoka 2019, mpwa wangu ameshakipata. Zamu hii nimemwachia aanze yeye. Nitaifuata penseli yake.

Msomaji, Likoni, Mombasa