Pasi ya T12 kwenye betri ya sola

Ndugu yangu, pasi yako ya kulehemu ya T12 (aina ya ncha yenye kipasha joto ndani yake) haina ubovu. Umesema inachelewa kupata moto, na ikigusa waya mnene wa boti inapoa papo hapo. Hiyo ni njaa ya volti. Ncha ya T12 ina ukinzani wa kama omu 8, kwa hiyo volti 12 za betri yako zinatoa wati 18 tu. Chaja ya laptopu ya volti 19 inakupa wati 45, na volti 24 zinafika 72. Volti zikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Kwa kuwa hapo Lamu unafanyia kazi gatini, mbali na stima, weka kipandisha volti kati ya betri na pasi. Kirekebishe hadi 24 huku ukipima kwa mita, kabla hujaunganisha pasi. Chukua kinachohimili ampea 10 upande wa betri, maana kitavuta zaidi ya 6, na fyuzi usiiache. Betri mbili mfululizo sikushauri: zikichajiwa hupita volti 28, na bodi nyingi za bei nafuu zinazoendesha pasi hizi huenda zikaungua.

Halafu tafadhali, usipandishe joto hadi 450, unaiua ncha bure. Nyuzi 350 zinatosha. Shaba iliyoliwa na chumvi huwa nyeusi au kijani, na risasi ya kulehemu haishiki hata uongeze moto vipi. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, paka fluksi (dawa ya kusafisha shaba ili risasi ishike), ndipo uchome.