Masika yanakuja, msiniulize dawa

Kila mwaka ni yale yale. Kaskazi ikianza kulegea, jasho bado linatutiririka, ujumbe wa wenye wanyama unamiminika: nimpe dawa gani huyu, nimchome sindano gani yule. Wanaouliza habari za paa, sakafu na mfereji ni wa kuhesabu. Nimechagua maswali machache. Mengine nimeshayajibu huko nyuma na sirudii.

*Shikamoo mzee. Nina kobe hapa Tabata, mwaka wa tatu sasa. Nimeona video ya Mzungu anamweka kobe wake kwenye friji alale hadi baridi iishe. Wangu nimwandaeje kabla ya Juni?*

Marahaba. Friji acha iwe ya maji na mboga. Kobe wa kule, wale wa nchi za kando ya Mediterania, wameumbwa kulala. Anaachishwa chakula mapema hadi tumbo liwe tupu, kisha anakaa kwenye nyuzijoto kama 5, na mwenyewe anampima uzito mara kwa mara. Kobe wetu hana usingizi huo. Akipoa sana chakula kinamwozea tumboni, na ukiona pua zinatoa mapovu ujue mapafu yameshaingiliwa. Usiku wa Julai hapa Dar unashuka hadi nyuzijoto 18 au 19. Mwenye kisanduku kikavu, nyasi kavu na jua la asubuhi anauvuka bila shida. Mimi naogopa zaidi udongo wa Aprili usiokauka.

Hili hukuniuliza, nitalisema hata hivyo: huyo kobe ulimpata wapi? Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori hafugwi kwa sababu tu umempenda. Lazima kibali. Na kama ni yule bapa, mwenye gamba laini, anayejipenyeza kwenye nyufa za miamba, basi tangu 2019 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na faru weusi. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwa miguu yako kabla hawajaja kwako kwa gari lao. Wala usiende kumtupa kwenye msitu wa Pugu usiku ukadhani umemkomboa. Utawapelekea wenzake magonjwa ya uani kwako.

*Dawa nzuri ya mdondo wa kuku ni ipi?*

Hakuna. Kuna chanjo: tone moja la I-2 kwenye jicho, kila miezi mitatu, kuku akiwa mzima. Nimeliandika hili mpaka kalamu imechoka.

*Mzee, mimi ni mtunza wanyama kwenye bustani ndogo ya wanyama huku Kigamboni. Tuna tumbili, chatu, swala na mamba wawili. Bosi amenunua katoni ya vitamini, anasema maandalizi ya masika yamekamilika. Unasemaje?*

Nasema bosi wako amemtajirisha muuza dawa. Vitamini haizibi bati lililotoboka. Mvua ya kwanza ikinyesha, vaa mabuti uzunguke mabanda ikiwa bado inanyesha, uone maji yanaingilia wapi na yanasimama wapi. Ukisubiri ikatike utaona matope tu.

Tumbili hauawi na baridi ya Dar. Anaugua kwa kulala na manyoya yaliyolowa huku upepo unampiga. Masanduku ya kulalia yawe juu, na migongo yake ielekee kusini mashariki, kwa sababu kusi ikishika haiachi hadi Septemba. Asubuhi, kabla hujafagia, zamisha mkono mpaka chini kabisa ya majani ya kulalia. Juu yatakuwa makavu, yamekaa vizuri. Chini utakuta uvuguvugu na harufu ya uyoga. Yakinata vidoleni, toa yote, usiongeze mapya juu yake.

Chatu mpunguzie chakula siku za mawingu na baridi. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na bila joto hasagi chakula. Sungura uliyempa kwa huruma atarudi kama alivyoingia, ila ananuka. Swala wape mwinuko wa kifusi wa kusimamia, inatosha.

Mamba ndio wanaonitia hofu. Kimo cha ukuta kinapimwa kutoka usawa wa maji, si kutoka chini ya bwawa. Ukuta wa mita moja na nusu, bwawa likipanda mita moja, unabaki nusu mita, na hiyo mamba anaipanda kama ngazi. Bomba la kutolea maji liwe na wavu, na wavu usafishwe kila siku, maana majani ya mwembe mmoja yanatosha kuuziba. Mwonyeshe bosi maneno haya. Akikataa, mwombe akuandikie kwa mkono wake kwamba amekataa.

*Mbwa wangu, huku Kigogo, alikunywa maji ya dimbwi masika yaliyopita. Macho yakawa ya njano, akafa. Nashuku jirani alimtilia sumu.*

Muache jirani. Macho ya njano baada ya maji ya dimbwi yananipeleka kwanza kwenye homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya. Mkojo huo unachukuliwa na mafuriko, na bonde la Msimbazi panya hawajawahi kuadimika. Ugonjwa huo huo uliua watu watatu Ruangwa mwaka 2022, kwa hiyo mabuti ni yako pia. Mbwa mpya achanjwe mara mbili, wiki chache baina yake, kisha kila mwaka. Piga hesabu: ukianza Aprili umechelewa. Na bakuli la ugali lisilale nje, unawaalika panya.

*Mpwa wangu anajitolea Ujerumani kwenye hifadhi ya dubu waliookolewa. Anasema baridi ikikaribia wanawapunguzia chakula. Si ukatili?*

Ukatili ungekuwa kuendelea kuwajaza. Dubu hula kupita kiasi kabla ya baridi, kisha hamu inakatika yenyewe, analala miezi hali, hanywi wala hajisaidii. Aliyezoeshwa kulishwa kila siku hupoteza desturi hiyo, akabaki macho anazunguka. Muulize mpwa wako wanaandaa nini kingine: atakwambia majani makavu pangoni na utulivu. Hatataja katoni ya vitamini.

*Nimvalishe mbwa sweta Julai?*

Hapana.

*Mbuzi wangu Chanika wanachechemea kila masika. Sindano gani?*

Sindano ya mbao na misumari: wajengee kichanja. Kata kwato sasa hivi, ardhi ikiwa kavu. Na mvua zikizidi, ukaona mbuzi kadhaa wanatupa mimba kwa pamoja, usiguse vilivyotoka kwa mikono mitupu na usichinje ili kuokoa hasara. Inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu nchini mwaka 2007. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.