Jibu: Kwa nini Chama aliondoka Simba bure?

Mkuu, umeuliza kwa nini Simba "walimgawa" kiungo wao Clatous Chama kwa Yanga mwaka 2024 bila kupata hata senti. Hawakumgawa. Mkataba uliisha, na mkataba ukiisha klabu haina cha kuuza. Tena kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu kusaini kwingine mapema, mradi klabu mpya itoe taarifa kwa ile ya zamani. Kwa hiyo usajili wa Julai mara nyingi umeshapikwa Januari, sisi tunakuja kugombania makombo.

Linganisha na kiungo Feisal Salum, "Fei Toto". Yeye mkataba wake na Yanga ulikuwa hai, akataka kuuvunja mwenyewe, shirikisho la soka, TFF, likasema bado ni mchezaji wa Yanga. Ikawa vuta nikuvute ya miezi, hadi klabu ya Azam ilipokaa mezani na Yanga mwaka 2023 kumnunua. Hapo ndipo kuna kuuza.

Lawama za kweli kwa viongozi ni za mwaka mmoja kabla: mchezaji muhimu unamwachaje afike miezi 6 ya mwisho hujamwongezea?

Siku ile Chama alipohamia Yanga, kijiweni kwetu hapa Arusha, karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, jamaa wa Simba alikuja na jezi ameigeuza nje ndani, jina la Chama lisionekane. Muuza kahawa, Yanga damu, akammiminia kikombe: "Kunywa shemeji, hii nayo ni bure."