Usilipe arubuni Jumamosi kabla hujaisukuma hiyo pikipiki kinyumenyume

Ndugu yangu, simamisha kila kitu kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili na mwili umenisisimka, kwa sababu ni kama nasoma habari zangu mwenyewe za miaka minne iliyopita. Umeendesha pikipiki ndogo, Boxer 150, miaka miwili kati ya Kahawa West na kazini Industrial Area. Sasa unataka pikipiki ya pili, ya safari ndefu, umpeleke mama watoto Nanyuki na siku moja Mombasa. Umeonyeshwa Yamaha FJR1300, pikipiki kubwa ya safari, broka amekwambia kuna mtu mwingine anaitaka, na Jumamosi unapeleka arubuni. Unatuuliza ununue tairi gani, uchukue bima gani, na kama uiuze Boxer.

Acha tairi. Nijibu hili: umeshaisukuma hiyo pikipiki? Sisemi kuiendesha, maana kuiendesha hakuna shida na ndiyo sababu watu wananaswa. Nasema kuisukuma ikiwa imezimwa, kwa mikono yako, kinyumenyume, mahali penye mwinuko.

FJR ikiwa na mafuta na oili inakaribia kilo 290. Boxer yako haifiki 130. Tangi la FJR linabeba lita 25, na petroli hiyo ikijaa ni kama kilo 18, zote zimekaa juu, karibu na kifua chako, mahali pabaya kabisa kwa pikipiki inayotaka kulala. Ongeza masanduku mawili ya pembeni yenye nguo na viatu. Ongeza mama watoto. Halafu fikiria wewe ndiye umesimama katikati ya hayo yote kwa mguu mmoja.

Mimi niliinunua hiyohiyo. Sina neno baya juu yake. Ina silinda nne, ina shafti badala ya cheni kwa hivyo hakuna habari ya kukaza wala kupaka mafuta kila wikendi, na abiria anakaa kama yuko sebuleni. Ukipita Emali kwenye barabara ya Mombasa, ikanyooka, unafungua mkono kidogo tu na lori limebaki nyuma. Mara ya kwanza nilipofika Mtito Andei nilishuka nikiwa sijachoka mgongo, nikasema hapa nimefika, sitatafuta nyingine tena maishani.

Aliyenipoteza hakuwa mgeni. Alikuwa mtu mkubwa katika kundi letu la kuendesha Jumapili, ameendesha miaka mingi kuliko mimi, na nilikuwa namheshimu. Nilimwambia naogopa uzito. Akanijibu: "Uzito ni wa kuondokea tu. Ikishaanza kutembea, hutausikia tena." Broka naye akaidaka hiyo kauli kama wimbo. Akanikalisha juu ya kiti, akanionyesha nyayo zangu zote mbili zimelala chini, maana kiti cha FJR kiko kama sentimita 80 tu kutoka ardhini. "Unaona? Imekutosha kabisa." Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya simenti, tambarare, tangi karibu tupu, bila sanduku hata moja. Nikatoa pesa.

Na kauli yenyewe ni kweli, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ikitembea, uzito hausikiki. Lakini huyu bwana alijua, kwa miaka yote hiyo, kwamba pikipiki haitembei muda wote, na hakunifungua macho. Hesabu siku moja tu ya safari kutoka Nairobi. Unaitoa ndani ya geti, na mageti yetu unayajua, daraja la mtaro mbele na mwinuko baada yake. Unasimama kwenye msongamano wa Thika Road katikati ya matatu mbili, masanduku yanakaribia kugusa pande zote. Unasimama kituo cha mafuta ambapo sakafu ina oili. Polisi anakupungia uegeshe kwenye bega la barabara lililoporomoka. Tuta lisilo na alama linakufanya ushike breki hadi karibu kusimama, huku usukani umekunja. Unafika hotelini, maegesho ni kokoto. Mara zote hizo kilo 290 ziko mikononi mwako, na mwendo haupo wa kukusaidia.

Mimi iliniangukia pale kwenye kituo cha kutazama bonde, barabara ya chini ya Mai Mahiu, panapouzwa kofia na ngozi za kondoo. Tulikuwa tunaenda Naivasha. Mke wangu alitaka picha, Mlima Longonot ulikuwa umeonekana vizuri asubuhi hiyo. Nikaingia pembeni nikaegesha pua ya pikipiki ikitazama bondeni, kwenye changarawe, kwenye mteremko mdogo ambao hata sikuuona. Kwa Boxer hungeuona pia. Boxer unaikamata kiti na usukani, unaivuta, unakwenda zako.

Tulipomaliza, nikapanda peke yangu ili nirudi nyuma nigeuze. Nikakunja stendi. Nikasukuma kwa miguu. Haikusogea. Pua ilikuwa chini, na hiyo haina gia ya kurudi nyuma. Nikasukuma tena kwa nguvu, na kisigino cha kushoto kikateleza juu ya kokoto kama mtu aliyekanyaga mahindi makavu. Ikainama kushoto. Kwanza kidogo, nikadhani nimeishika. Kuna kiwango fulani cha kuinama, si kikubwa, ambacho ukikipita hakuna mkono wa binadamu utakaoirudisha, na mimi nilikuwa nimeshakipita nikiwa bado nabishana nayo. Ningeiachia na kuruka, ningekuwa na hasara ya plastiki tu. Sikuiachia. Sanduku la kushoto likatua juu ya kifundo cha mguu wangu.

Spidi ilikuwa sifuri. Injini ilikuwa haijawashwa.

Vijana wawili wanaouza kofia na dereva mmoja wa matatu ndio walioiinua. Mke wangu alikuwa ameshika kofia yangu ya chuma kwa mikono miwili, hajui aiweke wapi, analia. Mfupa wa kifundo ulikuwa umepasuka. Nilikaa na plasta wiki sita. Kava la kushoto, saidimira, mkono wa klachi, pedeli ya gia na sanduku vilinigharimu shilingi 186,000, na vingine ilibidi viagizwe ng'ambo nikavisubiri karibu miezi miwili. Nilipopona nikaiwasha mara moja, nikaitoa hadi getini, mguu ukaanza kutetemeka, nikairudisha. Nikaiuza kwa hasara ya shilingi 240,000. Ada ya muhula wa pili ya binti yangu iliingia humo. Niliomba muda shuleni, wakanipa, lakini nililazimika kuomba.

Yule mkubwa wa kundi alipokuja kunitazama nyumbani alisema, "Hiyo ni bahati mbaya tu, kila mtu huangusha." Sikubaliani naye na sitakubaliana naye. Aliyemwambia mtu mwenye uzoefu wa 150 kwamba uzito hausikiki, huku yeye ana urefu wa futi sita na miguu kama nguzo, ndiye aliyenitia kwenye hiyo changarawe. Broka simlaumu sana, kazi yake ni kuuza. Lakini sisi tunaoulizwa kwa sababu tumetangulia, tukijibu kwa wepesi, mtu anavunjika.

Kwa hivyo fanya hivi, na usiache hata moja. Mwambie broka unataka kuiona ikiwa na tangi lililojaa. Jaza wewe mwenyewe, lipa, hiyo pesa ni kidogo mbele ya niliyopoteza mimi. Kisha iletwe hadi kwako. Si kwake. Simenti yake ni tambarare na imefagiliwa. Iletwe kwenye geti lako, kwenye daraja lako la mtaro. Izimwe. Mtu mmoja asimame upande wa pili, asiiguse, awe tayari tu. Wewe iingize ndani ya geti, kisha itoe kinyumenyume ukiwa umesimama kando yake, kiuno kimegusa kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kishikio cha abiria. Rudia ukiwa umekaa juu yake. Halafu, na mtu yuko pale, iinamishe taratibu upande mmoja, taratibu sana, mpaka usikie ile sehemu inapoanza kukuvuta yenyewe. Ikariri hiyo sehemu. Mwisho apande mama watoto, msimame pale penye mwinuko, mguu mmoja chini.

Broka akikataa, rudi nyumbani. Kama kweli kuna mtu mwingine anayeitaka, basi aichukue.

Na ujifunze kuiinua kabla hujaimiliki, maana mimi nilijifunza baadaye. Zima swichi. Ondoa masanduku. Kama imelalia kulia, teremsha stendi kwanza, ili ukiisimamisha isikupite ikaangukia upande wa pili. Iache kwenye gia ya kwanza isibingirike. Kunja usukani kabisa kuelekea upande iliolalia, ipe mgongo, makalio yaegemee ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike chuma cha nyuma, kisha utembee kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inayoinua. Ukijaribu kwa mgongo utaongeza gharama nyingine hospitalini. Na unapoegesha mahali popote penye mteremko, pua itazame juu au itazame utakakotokea, kamwe isitazame bondeni, na uiache ndani ya gia.

Ukishindwa kuisukuma, hakuna aibu yoyote, ni mwili wako umekuambia mapema na bure. Kuna nyingine za safari zilizo nyepesi. Yamaha Tracer 900 za miaka ya kwanza ni kama kilo 210 zikiwa na mafuta. Kawasaki Versys 650 iko karibu na hapo, inazidi kidogo. Kawasaki Ninja 1000SX iko kama kilo 235, na ina nguvu zaidi ya unazohitaji. Mimi sasa niko kwenye Versys. Kiti chake ni sentimita 84, kiko juu kuliko cha FJR, na kwa urefu wangu nagusa chini kwa nyayo za mbele tu. Bado naiingiza getini peke yangu usiku mvua ikinyesha, bila kumwamsha mtu. Kwa hivyo mtu akikwambia angalia urefu wa kiti, mwambie umesikia, halafu uisukume.

Nimeenda nayo Isiolo hadi Marsabit, lami mwanzo hadi mwisho, upepo wa ubavuni unakusukuma kama mtu, na mke wangu nyuma. Alichukua miezi saba kabla ya kukubali kupanda tena. Tulipofika Marsabit alishuka, akasimama kando yangu wakati naigeuza kwenye kokoto za maegesho, akaweka mkono wake kwenye sanduku la kushoto mpaka nilipomaliza. Hakusema kitu.

Boxer usiiuze. Itakupeleka kazini.

Jumamosi asubuhi niko huru hadi saa sita. Niandikie mnakutana na huyo broka saa ngapi, nitakuja. Nitasimama upande wa kushoto, ndio ulioniangukia.